Kabla Hajagusa Kontena, Afungue Mwongozo

Wasaidizi wa akili mnemba ninaofanya nao kazi wana ugonjwa mmoja: wanakumbuka mno. Mwulize mmoja wao jinsi ya kuwasha databesi, amri anakupa papo hapo, haguni wala hakuni kichwa. Asichokwambia ni kwamba alichokikumbuka kimeshapitwa, na hakwambii kwa sababu hata yeye hajui. Alilishwa maandishi ya dunia nzima mpaka siku fulani, ulaji ukakatwa, na tangu siku hiyo wanaotengeneza programu anazoulizwa wameendelea kuzibadilisha bila kumpa taarifa.

Mimi natunza seva za wafanyabiashara hapa Dar es Salaam. Wateja wangu ni wenye maduka ya dawa ya jumla Kariakoo, shule moja binafsi na mwenye mabasi ya mikoani. Programu zao karibu zote zinaishi ndani ya makontena, na siku hizi kazi kubwa ya kuyawasha, kuyazima na kuyasasisha anaifanya msaidizi wa akili mnemba, huku mimi na kijana ninayefanya naye kazi tumekaa pembeni tukimtazama.

Wazo la kontena limetoka bandarini. Kreni haijali kama ndani kuna mitumba au vipuri vya trekta. Vipimo ni vilevile, basi inanyanyua na kupandisha kwenye lori. Kontena la programu nalo hufunga programu pamoja na kila inachotegemea, ili ifanye kazi vilevile kwenye kompyuta yangu, kwenye seva ya mteja au kwenye mashine ya kukodi iliyoko Ulaya. Docker, iliyoeneza utaratibu huu, ilionyeshwa hadharani na Solomon Hykes Machi 2013 kwenye mkutano wa waandishi wa programu huko California, na mpaka leo nembo yake ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni.

Ila kuna jambo moja ambalo ndilo huleta balaa. Kontena la programu ni la kutupwa. Unalifuta na kuunda jingine kwa sekunde chache, na hakuna anayelia. Kinachotakiwa kubaki, yaani mauzo ya duka, madeni ya wateja, tarehe za dawa kuisha muda, huwekwa nje ya kontena, kwenye hifadhi inayoitwa voliyumu. Fundi aliyefuta kontena amefanya kazi ya kawaida. Aliyefuta voliyumu amefuta duka.

Sasa nieleze kisa chenyewe. Mwishoni mwa Septemba 2025 lilitoka toleo la 18 la PostgreSQL, databesi ambayo nusu ya wateja wangu wanaitumia. Pamoja nalo, wanaotunza imeji rasmi ya databesi hiyo, yaani kile kifurushi ambacho Docker hukitumia kuunda kontena, walibadilisha mahali pa kuweka data. Toleo la 17 na yaliyotangulia yalitaka voliyumu ifungwe kwenye folda ya /var/lib/postgresql/data. Kuanzia la 18 inafungwa hatua moja juu, kwenye /var/lib/postgresql, na ndani yake databesi inajitengenezea folda yenye namba ya toleo. Walikuwa na sababu nzuri: matoleo mawili yakikaa kwenye voliyumu moja, kuhama kutoka la zamani kwenda jipya kunakuwa rahisi zaidi. Yote hayo yameandikwa kwenye ukurasa wa imeji hiyo huko Docker Hub, kwenye sehemu inayoeleza PGDATA, yaani folda ya data.

Duka moja la dawa lilikuja kwetu na faili la Compose lililoandikwa na fundi aliyetangulia. Faili la Compose ndilo linaloeleza makontena gani yawashwe na yaunganishwe vipi. Fundi yule aliandika postgres tupu, bila namba ya toleo, na anayeandika hivyo hupewa toleo jipya kabisa siku atakayovuta imeji upya. Tulinakili kila kitu kwenye mashine ya majaribio, data pamoja, kisha kijana akamwambia msaidizi asasishe programu zote. Msaidizi akavuta imeji, likaja toleo la 18, njia ya folda ikabaki ile ya zamani. Kontena likawaka na kuzima pale pale.

Kwenye kumbukumbu za kontena ulikuwapo ujumbe mrefu wa kosa, na kusema kweli ulikuwa umeeleza tatizo lenyewe. Msaidizi aliusoma, akatulia kidogo, kisha akapendekeza tiba.

“Dada, anasema tufute voliyumu tuanze upya.”

“Anatumia amri gani?”

“docker compose down -v.”

Herufi ile moja ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Amri hiyo bila v huondoa makontena na mtandao wao, na voliyumu zilizopewa majina zinabaki salama. Ukiiweka, voliyumu zilizotajwa kwenye faili zinakwenda nazo. Na msaidizi wala hakuwa amebuni. Ushauri wa “futa voliyumu uanze upya” umejaa katika maandishi ya mafunzo, kwa sababu kwa mwanafunzi mwenye databesi tupu ndiyo njia ya mkato. Amri ileile kwenye seva halisi ya duka ingefuta mauzo yote, na msaidizi angetoa taarifa kwa furaha kwamba sasa kontena linawaka vizuri.

Nilimwambia kijana amtume akafungue ukurasa wa imeji, asome sehemu ya PGDATA, ndipo arudi na pendekezo. Akarudi na mpango mwingine kabisa: andika namba 17 kwenye faili ili databesi iwake kama zamani, toa nakala ya data kwa amri ya pg_dumpall, unda voliyumu mpya kwa ajili ya toleo la 18, ifungwe kwenye njia mpya, rudisha data humo, voliyumu ya zamani iachwe mpaka mwenye duka athibitishe hesabu zake. Mimi nisingepanga vizuri zaidi ya hapo. Msaidizi alikuwa yuleyule na swali lilelile. Ukurasa mmoja tu ndio ulioongezeka.

Tangu hapo kila seva ninayoitunza ina faili la maelekezo ambalo msaidizi hulisoma anapoanza kazi, na humo nimeandika kwa Kiswahili: kabla ya amri yoyote inayofuta, inayohamisha data au inayofungua njia ya kutoka nje, fungua mwongozo rasmi wa toleo lililopo kwenye mashine hii, ninukulie sentensi unayoitegemea na unipe anwani ya ukurasa. Hilo la kunukuu nililiweka makusudi. Wasaidizi hawa wanapenda sana kusema “kwa mujibu wa mwongozo” hali mwongozo hawajaugusa. Sentensi ikinukuliwa, kijana anaweza kuitafuta kwenye ukurasa. Akiikosa, kazi inasimama.

Na “toleo lililopo” ni maneno yenye uzito kuliko yanavyoonekana. Watu wengi wakisikia mwongozo rasmi wanafikiria ukurasa mpya zaidi kwenye tovuti ya Docker. Chukua amri ya docker volume prune, ya kusafisha voliyumu zisizotumika. Mpaka Docker 23 ilipotoka mwaka 2023, amri hiyo ilifuta voliyumu zote ambazo hazikuwa na kontena, hata zile ulizozipa majina. Kuanzia toleo hilo inafuta zisizo na majina tu, labda uongeze -a. Basi msaidizi akisoma mwongozo wa leo na kuitekeleza amri hiyo kwenye seva iliyosahaulika tangu 2021, mwongozo ulio sahihi kabisa utamponza. Na seva zilizosahaulika hapa kwetu zipo nyingi. Mradi inawaka, nani ataigusa?

Ndiyo maana mwongozo wa kwanza kabisa ni ule uliomo ndani ya mashine yenyewe. Amri ya docker version inataja toleo. Ukiongeza --help mwisho wa amri yoyote unapata maelezo yaliyokuja na programu hiyohiyo uliyo nayo. Wanaotumia Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi uliotokana na Google mwaka 2014, wana kubectl explain, ambayo huiuliza seva yenyewe inakubali nini. Kwa Kubernetes jambo hili halina mjadala, maana wao hung’oa vitu vya zamani bila huruma: toleo la 1.22 la Agosti 2021 liliondoa maandishi ya majaribio ya Ingress ambayo mafunzo chungu nzima yalikuwa yanayatumia, na mpaka leo nakutana na wasaidizi wanaoyaandika.

Kuna na mambo ambayo hayajabadilika, ila huwezi kuyabahatisha kwa akili ya kawaida. Kwenye Ubuntu tuna ufw, programu ya kuzuia wageni wa mtandaoni. Mwombe msaidizi aifunge databesi isifikiwe kutoka nje, na huenda akaandika kanuni ya ufw, akakuonyesha kuwa imekubaliwa, mkalala. Mwongozo wa Docker unasema wazi kwamba mlango uliofunguliwa na kontena unaipita ufw pembeni, kwa sababu Docker huelekeza mawasiliano kabla hayajafika kwenye kanuni zake. Ufw inasema pamefungwa, databesi iko wazi kwa dunia nzima. Dawa ni kuandika 127.0.0.1 mbele ya namba ya mlango, ili kontena lisikilize mashine yake tu.

Kijana wangu analalamika kwamba utaratibu huu unachelewesha na unakula bando. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeuweka kwa amri za hatari peke yake; kuangalia makontena yapi yanawaka hakuhitaji kusoma chochote. Lakini nimegundua faida ambayo sikuitafuta. Nyaraka hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wanaodhani unajua tayari, na zamani kijana alikuwa anaziruka. Sasa msaidizi akishanukuu sentensi, kijana anamwambia amweleze kwa Kiswahili, kisha anabishana naye. Juzi nilimsikia akimwuliza kwa nini mwongozo unaonya kwamba mtu aliyewekwa kwenye kundi la docker ana nguvu sawa na mwenye mashine. Lilikuwa swali zuri, na jibu lake linamhusu msaidizi mwenyewe: ukimpa ruhusa ya kutumia Docker, umemkabidhi seva nzima. Kwetu amri za kufuta haziendeshi yeye. Anaziandika, mtu anazibonyeza.

Nyaraka rasmi nazo zina mapungufu yake. Zipo kurasa zinazoeleza kila kitu isipokuwa kile kilichokukwamisha, na kwa dalili za ajabu ajabu mafundi waliokwisha kuumwa na tatizo hukusaidia kuliko mtengenezaji. Kwa hayo namwacha msaidizi atafute anakotaka. Nisichokubali ni afute kitu kwa ushauri wa mtu asiyejua seva yetu iko toleo gani.

Duka la dawa bado liko kwenye toleo la 17. PostgreSQL hutunza kila toleo kubwa kwa miaka mitano, na la 17 lilitoka Septemba 2024, kwa hiyo marekebisho yake ya usalama yataendelea mpaka Novemba 2029. Mwenye duka ametaka tuhame baada ya kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka. Msaidizi alikuwa tayari kuhamisha usiku uleule.