Kufundisha Kiswahili Ugenini: Kazi ya Miezi Kenda



Mtu akisema "kazi ya Ulaya", sisi watu wa migodi tunafikiri kwanza mikono: kusafisha, kubeba mizigo, kulinda mlango usiku. Ama tunafikiri masomo ya juu sana, ya udaktari na ya uhandisi. Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya kazi nyingine ambayo wengi hawajaisikia. Ni kazi ya kijana mwanafunzi anayekwenda nchi ya mbali kwa muda mfupi, kusudi asaidie kufundisha lugha ya kwao. Wanamwita mwalimu msaidizi wa lugha. Chombo chake cha kazi ni kinywa chake. Ile lugha aliyoisikia akiwa mgongoni mwa mama yake, ndiyo wanamwitia.

Kazi hii si ya jana. Tangu mwaka 1905 Uingereza na Ufaransa zilianza kubadilishana vijana wa namna hii: Mfaransa anakwenda kuzungumza Kifaransa na wanafunzi wa Kiingereza, na Mwingereza anafanya vile vile kwa upande wake. Mpaka leo Ufaransa inakamata vijana zaidi ya 4,000 kila mwaka, kwa Kiingereza, Kijerumani, Kihispania na lugha nyingine. Wanafanya saa 12 kwa juma, karibu miezi 7, na wanapata karibu euro 800 kwa mwezi. Kiswahili hakimo katika hesabu hiyo.

Kwa Kiswahili, mlango unaojulikana zaidi uko Marekani. Mwaka 1946 nchi ile ilitoa sheria ya kubadilishana wanafunzi na walimu na nchi nyingine. Mpango huo ukaitwa Fulbright, kwa jina la seneta aliyeuomba, J. William Fulbright wa Arkansas. Ndani yake kuna sehemu ya walimu wasaidizi wa lugha. Vijana wa Kenya na Tanzania wamepita hapo kwa miaka mingi, wakafundisha Kiswahili kwenye universite za kule, miezi 9 tu, kisha wakarudi.

Ninyi vijana wa Likasi na Kolwezi, tuwaambie wazi: mlango huo unaomba Kiingereza, na unapenda zaidi watu wanaofundisha Kiingereza kwao ama wanaojitayarisha kwa kazi hiyo. Sisi tumesoma kwa Kifaransa. Basi kwa nini tunawaandikia? Kwa sababu milango haiko mmoja. Kiswahili kinafundishwa pia Ghent, kule Ubelgiji, na Paris kwenye chuo kikubwa cha lugha kinachoitwa INALCO, na Napoli kule Italia, na Leipzig na Bayreuth kule Ujerumani. Kijana wetu anayefika pale kwa masomo yake anaweza kuombwa kuja kuzungumza na wanafunzi. Tena kuna jambo lingine, na hilo linatuhusu sisi kabisa.

Kutoka mwaka 2016 mpaka 2024, karibu kila mwaka wakimbizi wengi kuliko wote waliopokelewa Marekani walitoka Kongo. Wengi wao wanasema Kiswahili. Wako Kentucky, wako Ohio, wako Texas. Mganga wa kule, ama mwalimu wa watoto wao, amesoma Kiswahili cha kitabu miaka 2. Anajua "ugali" na "mboga". Siku moja mama mmoja wa kwetu anakaa mbele yake na kumwambia: "Munganga, mutoto anakatala bukari, anakatala na sombe, tangu juzi." Mganga anabaki kimya. Hapo ndipo wanaona kwamba Kiswahili si kimoja, na kwamba mtu wa Katanga naye anajua kitu ambacho kitabu hakina.

KUSEMA SI KUFUNDISHA

Wengi wanafikiri: "Kiswahili? Mimi nilizaliwa nacho, nitashindwa nini?" Mtu anashindwa siku ya kwanza, pale mwanafunzi anapoinua mkono na kuuliza ulizo dogo kabisa.

Anauliza: "Mwalimu, kwa nini ni kitabu changu, lakini ni meza yangu?" Kwetu kambini tunasema "kitabu yangu, meza yangu", tunaelewana, na mambo yanakwisha. Lakini yule mwanafunzi amelipa feza nyingi kusudi ajue njia. Ukimjibu "tunasema tu vile", umemwambia arudi nyumbani kwake. Yafaa umweleze kwamba majina ya Kiswahili yamegawanyika katika jamaa, na kila jamaa ina alama yake inayoifuata mahali pote: kitabu changu kikubwa kimepotea, vitabu vyangu vikubwa vimepotea, meza yangu kubwa imepotea. Mtoto wa Mombasa ama wa Dodoma anasema hivyo bila kufikiri, na kwa sababu hafikiri, naye inamlazimu kukaa chini na kitabu cha sarufi sawa na sisi. Mtu wa Lubumbashi ana kazi mara mbili: kujifunza Kiswahili sanifu kwanza, kisha kujifunza namna ya kukieleza.

Tusione haya kwa sababu hiyo. Kampani ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, na miaka iliyofuata, watu walitoka Kasai, Rwanda, Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, kila mtu na lugha ya kwao. Kiswahili ndicho kiliwakutanisha. Walikifundishana mu mgodi na kwenye foleni ya posho, kwa masikio, na wakakipunguzia mizigo mingine njiani. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyekaa Katanga na kufundisha Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya historia ya Kiswahili katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Kilitoka mwaka 1986. Basi Kiswahili chetu si takataka. Lakini kwenye kilasi ya wageni, wanaanza na kile kinachosomwa katika vitabu na kusikika redioni toka Mombasa mpaka Bukavu, halafu chetu kinakuja kama sahani ya pili.

Kisha yako yale mambo ambayo hayamo katika sarufi. Saa, kwa mfano. Kiswahili kinahesabu saa tangu jua linapotoka. Saa moja ya asubuhi, mshale wa saa unaonyesha 7. Wanafunzi wa kigeni wanacheka, halafu wanakosa kabisa, halafu wanachelewa kwa makusudi na kusema walihesabu Kiswahili! Ama neno "pole". Unamwambia aliyejikwaa, unamwambia aliyefiwa, unamwambia anayebeba mzigo mzito, hata kama wewe hukumfanyia kosa lolote. Katika Kiingereza hawana neno moja la kazi hiyo yote. Mwalimu msaidizi mwenye akili anaweza kutumia saa nzima juu ya "pole" tu, na wanafunzi wakatoka na kitu ambacho hawatakisahau.

Lakini asihubiri. Kosa la wasaidizi wengi ni kusema wao tangu mwanzo hadi mwisho, maana wanapenda kusikia lugha yao katika nchi isiyoisema. Kilasi nzuri ni ile mwalimu anasema kidogo. Weka meza mbili, mmoja auze unga na samaki, mwingine akatae bei. Watakosea, wacha wakosee. Sahihisha moja katika makosa matatu, yale mengine kesho.

MAISHA YA KULE

Katika Marekani mwalimu msaidizi anaweza kufanya kazi hadi saa 20 kwa juma, na kutayarisha masomo kumo ndani ya hesabu hiyo. Naye pia ni mwanafunzi: anasoma angalau masomo 2 kila nusu ya mwaka, na moja lazima liwe juu ya nchi ya Marekani yenyewe. Safari ya ndege wanalipa wao, na bima ya ugonjwa wanampa. Mume, mke ama watoto haruhusiwi kuja nao. Na haruhusiwi kutafuta kazi nyingine nje.

Mambo ya heshima yatamshangaza. Wanafunzi watamwita kwa jina lake tu, watakunywa kahawa mbele yake, watamtazama machoni na kusema "hapo umekosea". Kwetu mtoto anayesema hivyo anatolewa nje. Kule ni alama kwamba anafuata somo. Lakini msaidizi naye ana haki ya kufundisha heshima yetu, maana ni sehemu ya lugha: namna ya kusalimu mkubwa kwanza, namna ya kupokea kitu kwa mikono miwili. Wanafunzi wanayapenda mambo hayo zaidi ya sarufi.

Baridi ni baridi kweli. Madison, katika jimbo la Wisconsin, ambako Kiswahili kinafundishwa tangu zamani, ziwa kubwa la mji linageuka barafu hata watu wanatembea juu yake, na mwezi wa 12 jua linazama kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Upweke unaingia wakati huo. Wengine wanafunga chumba na kukaa na simu, usiku mzima wakizungumza na nyumbani, asubuhi wanakwenda kilasini wakisinzia. Afadhali atafute watu: chakula cha wanafunzi wa Afrika, kanisa, timu ya mpira. Na kama katika mji ule kuna jamaa za Kongo, aende awasalimu hata kama kitabu cha mpango hakikumwambia.

KURUDI, NA FEZA

Mpango ule unatolewa kwa viza ya kubadilishana, na ina sharti: miezi ikitimia, mtu anarudi kwao, na hawezi kuomba viza ya kazi ama ya kukaa kule kabla ya kuishi kwao miaka 2. Sheria za viza zinabadilika mara kwa mara, tena siku hizi haraka. Mwenye kutaka aulize ubalozi wenyewe, asimwulize mtu wa barabarani. Mtu akikuomba dola 500 "kusudi jina lako litoke", huyo ni mwizi. Kuandika maombi ya Fulbright hakulipiwi.

Wengine watamwambia kijana: "Kimbia, usirudi, hapa kuna nini?" Hatutajifanya kama hatuelewi neno hilo, tunaujua mshahara wa mwalimu wa kwetu. Lakini yule anayekimbia anabaki bila karatasi, hawezi kufundisha tena, anarudia kazi ya kusafisha ile ile ambayo diploma ilimtoa. Na mwalimu mkubwa aliyemkaribisha, mwaka ujao akiona jina lingine la nchi ile, atafikiri mara mbili.

Jambo linalovunja jamaa, hata hivyo, ni feza. Posho ya mwalimu msaidizi imehesabiwa kwa mtu mmoja: chumba, chakula, basi, nguo ya baridi. Nyumbani wanasikia "dola" na wanahesabu namna nyingine. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Mwanangu, mudogo wako walimufukuza ku masomo. Tuma kidogo."

"Mama, mwezi huu nimelipa nyumba, kunabaki ya chakula tu."

"Eh! Bulaya kule, unakosa dola mia moja?"

Mama hasemi uongo, na mwana hasemi uongo. Mwana anaona haya, anaanza kula mara moja kwa siku, anatuma. Mwezi wa tatu anaugua. Ama anaacha kupokea simu, na nyumbani wanasema ametusahau, amekuwa mzungu. Urafiki wa miaka 20 unakufa kwa miezi 9.

Wababa na wamama, zungumzeni mambo haya kabla ya ndege, si kisha. Mwombeni kijana alete ile barua ya mpango, mtu anayejua Kiingereza aisome mbele ya wote: posho ni ngapi, chumba ni bei gani katika mji ule, kinabaki nini. Pengine mtaona kwamba anaweza kutuma mara mbili katika miezi yote, mwezi wa 12 na mwisho. Pengine mtaona hawezi hata mara moja. Mjomba anayengoja simu mpya aambiwe siku hiyo hiyo, akiwa amekaa pale. Muiandike kwenye karatasi, pamoja na jina la yule atakayelipia wadogo masomo mpaka kijana atakaporudi.