Seva isiyo na skrini (2): Flashi imefika, nani aipokee?

Kwa shule nyingi kati ya Tabora na Kigoma, bando la kupakulia video za masomo ni mzigo mkubwa, kwa hiyo masomo yanaweza kusafirishwa kwa flashi. Programu kama Kolibri hufanya kazi bila intaneti na inaweza kupokea masomo kwa njia hiyo. Tatizo huanza flashi inapochomekwa kwenye seva ya Linux isiyo na skrini wala madirisha ya kubofya. Kerneli huitambua papo hapo, lakini mafaili hayaonekani mpaka flashi ipachikwe kwenye folda. Katika njia ya zamani ya misafara iliyopita maeneo haya, mzigo kufika bila mpokeaji wa kuaminika ni jambo lenye historia: shehena aliyotumiwa mvumbuzi Livingstone kutoka Zanzibar hadi Ujiji iliuzwa na aliyekabidhiwa, na mwenyewe aliporudi huko Oktoba 1871 hakuikuta. Seva nayo inahitaji mpokeaji anayejua mzigo ni wa nani.

Wengi huandika kanuni ya udev ili amri ya kupachika iendeshwe flashi inapoingia. Sishauri hivyo. Kwenye mifumo inayotumia systemd, udev hufanya kazi ndani ya nafasi yake yenyewe ya upachikaji, hivyo kilichopachikwa humo programu nyingine hazikioni. Afadhali mstari mmoja katika /etc/fstab, unaotaja UUID (kitambulisho) ya flashi iliyosomwa kwa amri ya blkid, pamoja na noauto, nofail, ro na x-systemd.automount. Folda ikiguswa, systemd hupachika. Flashi isipokuwepo, seva huwaka kama kawaida.

Utaulizwa: na mwalimu mgeni mwenye flashi isiyosajiliwa kwenye fstab? Atasubiri msimamizi aisajili, na kusubiri huko nakutetea kwa moyo wote, kwa sababu seva inayopokea flashi yoyote inakaribisha pia virusi vya kila kompyuta ambayo flashi hiyo imepitia. Lakini tusijidanganye: UUID hunakiliwa kwa urahisi, haithibitishi mwenye mali. Ndiyo maana ongeza noexec, nosuid na nodev, ili programu zilizomo zisiendeshwe moja kwa moja.

Hoja nzito zaidi ni ya kuchomoa ghafla. Kwa flashi ya kusomwa tu, ro huyalinda yaliyoandikwa humo. Ikiwa seva inaandika matokeo ya mitihani humo, ro haifai: iondolewe, na kabla ya kuchomoa, umount iendeshwe hadi imalize, maana data inaweza kuwa bado kwenye kumbukumbu ya seva.