Je, Wajua? Hondohondo wa Rufiji na Kima Punju wa Unguja

Mwenyeji wa Mtunda, Kibiti, akisikia juu mtini sauti kama kitoto kinalia, hashtuki: ni ndege hondohondo. Kima punju ndiye mgeni kwake, kwani makazi yake yako ng'ambo ya bahari. Leo tunawapambanisha. Je, wajua kwamba…

• Hondohondo jike hujifungia tunduni anapotaga? Huziba mlango kwa udongo na kinyesi, akaacha ufa mwembamba wa kupokelea chakula.

• Mlishaji ni dume? Huko Amani, Usambara, mtafiti Reginald Moreau alikadiria kuwa dume mmoja alipeleka kiotani matunda 24,000 kwa siku 120 hivi. Anayenung'unikia kilo ya unga asome tena!

• Kima punju hana dole gumba la maana? Limebaki kinundu tu. Matawi huyashika kwa vidole vinne.

• Hawa wawili wangeweza kula mkuyu mmoja bila ugomvi? Ndege hutaka tunda bivu. Kima hutaka majani na tunda bichi, maana tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na sukari nyingi ikichachia humo humdhuru.

• “Punju” maana yake ni sumu, lakini anayejikinga na sumu ni kima mwenyewe? Akila majani ya mwembe na mkungu, hutafuna na mkaa ili kuipunguza.

• Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilihesabu kima punju zaidi ya 5,800 tu? Karibu wote wako Unguja; wachache walihamishiwa Ngezi, Pemba, mwaka 1974.

• Kuna hondohondo wanaoelewa lugha ya kima? Katika msitu wa Taï, Ivory Coast, kima aina ya Diana akipiga yowe la kuonya kuhusu tai, hondohondo nao hutahadhari. Likiwa yowe la chui, hawajali: chui si tishio kwao.

• Msitu ukikatwa vipande, ndege huruka na mbegu zake hadi ng'ambo ya shamba, kima hushuka chini? Ndiyo maana barabara ya Jozani, Unguja, iliwekewa matuta, magari yasiwagonge.

• Hata hivyo, mbawa hazichongi tundu? Mti mzee wenye uwazi, fundi mbao huuona hasara, mchoma mkaa huuona magunia. Hondohondo huuona chumba cha uzazi.