Siku za Baada ya Msiba

Katika miaka hii ya karibuni, riwaya zilizoandikwa na watu wa Afrika ya Mashariki juu ya madhila ya tarikhi yetu, yaani vita vya Wajerumani, ujenzi wa reli, hali ya hatari, mauaji ya viongozi na machafuko ya uchaguzi, zimekuwa nyingi kiasi ambacho msomaji wa Hurlingham hapa Nairobi, aingiapo katika duka la vitabu la jengo la Yaya au ainamapo mbele ya vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini katikati ya jiji, hana tena haja ya kuazima mashaka ya Warusi na Wafaransa ili ajue jinsi mwanadamu anavyoishi dunia inapomgeukia. Neema hii naishukuru kwa dhati. Walakini nina dai moja juu yake, nalo nitalileta baada ya kueleza wema wa vitabu vyenyewe.

Mwanatarikhi, kwa desturi ya kazi yake, hufunga sura vita vinapokwisha, maadamu mkataba umetiwa saini na maiti wamehesabiwa. Gazeti nalo huondoka na habari ya kesho. Ilhali riwaya iliyo njema aghalabu ndiyo kwanza huanza hapo, ikamfuata aliyenusurika hadi mlangoni pa mtu asiyemjua, ikamtazama akiomba kazi, akipangishwa chumba cha uani, akioa, na akimpa mtoto wake jina la ndugu aliyepotea. Mambo haya hayaingii katika ripoti za tume, nayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya wale waliopatwa.

Chukua mathalani *Afterlives*, riwaya iliyotolewa mwaka 2020 na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, ambaye mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Jeshi la Wajerumani la Afrika ya Mashariki liliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, baada ya miaka minne ya kufukuzana nyikani na kula akiba ya nafaka ya kila kijiji lilimopita; lakini Hamza, kijana aliyejiandikisha askari katika jeshi hilo na kujeruhiwa vibaya kwa upanga wa mkubwa wake mwenyewe, anarejea katika mji wa pwani akichechemea, hana jamaa wala akiba, akapata kibarua kwa mfanyabiashara aitwaye Nassor Biashara, na mwandishi hana haraka naye tena. Anatuonyesha harufu ya mbao katika karakana, na fundi seremala wa makamo ambaye, wakati wa mapumziko, hukaa kimya akidarizi kofia. Hakuna tendo la ushujaa katika kurasa hizo, wala mimi sizioni kuwa na upungufu kwa kukosa tendo hilo; kwani mtu aliyetoka vitani akakaa karibu na fundi mpole, akajifunza kupiga randa, huyo ameanza kurudi duniani, na kurudi huko kuna uzito kuliko mapigano yote yaliyotangulia.

Lakini mtu ninayemshikilia zaidi katika kitabu hicho ni Afiya, mkewe. Alipokuwa mtoto, kaka yake Ilyas alimfundisha kusoma na kuandika, kisha akamwacha kwa walezi wa shamba na kwenda zake kuwapigania Wajerumani. Mlezi yule, alipogundua kwamba binti ana ilimu ya kalamu, alimpiga hata akamvunja mkono, kwa hoja kwamba mwanamke hana haja ya kuandika. Afiya akaandika kijikaratasi cha maneno machache ya kuomba msaada, akakitoa dukani kipelekwe mjini kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, naye Khalifa akaja kumchukua. Miaka ikapita, Hamza naye akamfasiria shairi la Schiller kutoka Kijerumani na kumwandikia kwa Kiswahili, na kwa karatasi hiyo wakajuana nyoyo. Mara mbili, basi, maisha ya binti huyu yanaokolewa na Kiswahili kilichoandikwa, ndani ya kitabu ambacho chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza.

Mwisho wake una kasoro, nami sitaificha kwa sababu ya Nobel. Kurasa za tamati, ambamo mtoto wa Hamza anafuatilia huko Ujerumani khatima ya mjomba Ilyas, zinakwenda mbio kana kwamba mwandishi amechoka na sisi; na laiti angalitulia, kwa kuwa khatima ile si ya kubuni tu, bali ina mfano wake wa kweli. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyelitumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, akahamia Berlin na kuoa huko, alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwezi wa Novemba 1944. Maisha ya namna hiyo yanastahili kurasa mia, si kumi.

Asubuhi moja nilikuwa na kitabu hicho mkononi nikingoja mvua ipungue katika lango la jengo moja la ofisi hapa Hurlingham, na soja wa lango, mtu wa umri wa kutosha, aliyekuwa na gazeti la Kiswahili lililokunjwa mara nne chini ya kitabu cha wageni, akaniuliza, "Mzee, hicho ni cha nini?" Nikamsimulia habari ya askari na ya kijikaratasi. Akasikiliza hadi mwisho, akasema babu yake naye alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hivyo hivyo, wala hakurudi; kisha akauliza kama kitabu kipo kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye dai langu, lakini kwanza tuipite barabara iliyo mbele ya lango lile.

Barabara hiyo, ipitayo Nairobi Hospital na Yaya, zamani iliitwa Hurlingham Road, kwa jina lililoletwa kutoka London pamoja na desturi za walowezi. Leo inaitwa Argwings Kodhek, kwa heshima ya mwanasheria wa kwanza Mwafrika wa Kenya, aliyewatetea mahakamani watuhumiwa wa Mau Mau wakati ambapo kuwatetea kulikuwa ni kujitia hatarini, na ambaye, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alifariki katika barabara hii hii mwezi wa Januari 1969. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Watu wengi hawakuridhika, na hadi leo hawajaridhika. Mwezi wa Julai mwaka ule ule waziri mwenzake Tom Mboya akapigwa risasi katikati ya jiji, na Oktoba damu ikamwagika Kisumu. Mwaka mmoja ulibeba yote hayo, na baada yake nyumba nyingi zilijifunza kunyamaza.

Ukimya huo ndio maudhui ya *Dust*, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka mwaka 2014 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Inaanza na kijana mhandisi, Odidi, akiuawa katika mitaa ya Nairobi wakati wa machafuko ya uchaguzi wa 2007. Baba yake Nyipir na dada yake Ajany wanaichukua maiti kwenda nayo nyumbani, katika nyika kavu za kaskazini, na huko, badala ya mazishi kufunga habari, mazishi yanaifungua. Nyipir alikuwa polisi katika zama za mkoloni. Baba na kaka yake walipelekwa Burma na jeshi la Mwingereza, wakapotelea huko, naye tangu utotoni aliota kwenda kuwaleta nyumbani. Na kilichotokea mwaka 1969 alikifungia kifuani, kikawatafuna wanawe ambao hawakuambiwa lolote. Lugha ya Owuor ni ngumu. Sentensi zake hukatika katika pumzi ya mtu anayelia, na wako wasomaji, tena wenye elimu, wanaokiweka kitabu kando kabla ya sura ya tatu. Ninawasihi warudi, kwa sababu mkatiko ule ni wa insafu kabisa: watu walioamriwa wasahau hawawezi kusimulia kwa mpango. Sisi taifa zima tuliishi hivyo. Hata majalada ya hali ya hatari, yapatayo 1,500, yaliyohamishwa kwa siri kutoka Kenya na kuwekwa Hanslope Park huko Uingereza, yalijulikana hadharani mwaka 2011 tu, nusu karne baadaye, kwa ajili ya kesi ya wazee wa Mau Mau.

Wengine nitawataja kwa upesi, si kwa kuwadharau. Peter Kimani, katika *Dance of the Jakaranda* ya mwaka 2017, amewarudia wajenzi wa reli ya 1896 hadi 1901, ambao zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka Bara Hindi na wapatao 2,500 wakafa, akawafuata hadi kwa mjukuu mmoja anayepiga muziki mwaka wa uhuru wenyewe asijue nasaba yake ina siri gani. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, katika *The House of Rust* ya 2021, amemtuma binti wa Kihadhrami baharini kumtafuta baba yake mvuvi, na bahari ikawa na vitisho vyote vya hadithi za mabibi zetu. Gurnah mwenyewe ameongeza *Theft* mwaka 2025, yenye kijana mtumishi wa nyumbani anayetuhumiwa wizi.

Dai langu ni hili. Vitabu vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali watu ambao maisha yao ndiyo malighafi ya vitabu hivyo, wachukuzi, askari, watumishi wa nyumbani, wake wa waliopotea, husoma kwa raha katika Kiswahili. Wala asiniambie mtu kwamba Kiswahili hakijazoea mzigo huo. James Mbotela aliandika *Uhuru wa Watumwa*, kikatolewa mwaka 1934, juu ya waliookolewa katika majahazi na kuwekwa Frere Town, ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Mombasa. Na japokuwa alimsifu Mwingereza kupita kiasi cha haki, alijua kwamba watu wake walikuwa na tarikhi ya kuandikwa. Adam Shafi katika *Kuli* aliwapa makuli wa bandari ya Zanzibar mgomo wao wa 1948, na *Vuta N'kuvute* yake ikafikia kuwa filamu ya Amil Shivji mwaka 2021. Ken Walibora, rahimahullah, aliyefariki Nairobi Aprili 2020, alitunga *Kufa Kuzikana* juu ya marafiki wawili wanaotenganishwa na chuki za makabila, mwaka 2003, kabla ya machafuko ya uchaguzi wa 2007.

Na Assumpta Matei, katika *Chozi la Heri* ya mwaka 2014, alilifanya lile ambalo naliona ni kubwa kuliko yote yaliyoandikwa kwetu kuhusu machafuko yale yaliyoua watu zaidi ya 1,100 na kuwatoa makwao laki kadhaa. Daktari Ridhaa anateketezewa nyumba na jamaa zake kwa mkono wa jirani aliyemzoea. Mwanawe Mwangeka, aliyenusurika kwa kuwa alikuwa ng'ambo akilinda amani ya wengine, anarudi kwenye majivu, hatimaye anaoa tena, na yeye na mkewe wanampokea Umu, msichana aliyepotezewa wadogo zake wawili, awe mwana wao. Familia inashonwa upya kwa watu wasio wa damu moja. Kitabu hiki kilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kuanzia 2018 hadi 2022, maelfu kwa maelfu ya vijana wakakisoma wakitafuta alama, mzazi nyumbani asikiguse. Na mtihani ulipobadilishwa, nakala zikarudi chini ya vitanda. Naliona jambo hilo kuwa hasara ya taifa. Wazazi wa wale wanafunzi ndio waliokimbia mwaka 2008, na kitabu kiliandikwa juu yao.

Mfano wa kufuata tunao. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliifasiri *Paradise* ya Gurnah, ya mwaka 1994, akaipa jina *Peponi*, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha. Na habari ya Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa mfanyabiashara ili kulipa deni la baba, ikarejea katika lugha waliyokuwa wakisema watu wake. Wachapishaji wa Nairobi, ambao riziki yao hutoka kwa vitabu vya shule na kwa hiyo huogopa riwaya isiyotahiniwa, wangeweza kushirikiana gharama na wenzao wa Tanzania Bara na Zanzibar, na magazeti ya Kiswahili yakachapa sura moja moja kila mwisho wa juma, ili asiyeweza kutoa bei ya kitabu kizima aisome hadithi kwa bei ya gazeti. Wa kwanza kuombwa ruhusa awe Owuor. Mfasiri wake atafutwe miongoni mwa watunzi waliozoea ushairi, maana mkatiko wa *Dust* hauwezi kunyooshwa bila kuuawa, na apewe muda na ujira wa haki kabla ya kutakiwa hata ukurasa mmoja.