Safari ya Meli Kwenye Barafuto za Alaska: Familia Ipange Kuanzia kwa Aliye Dhaifu

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Aprili na Oktoba, meli za utalii hung'oa nanga Seattle, Marekani, na Vancouver, Kanada, zikaelekea kusini-mashariki mwa Alaska. Safari ya kawaida huchukua siku saba. Miongoni mwa abiria zimo familia za Waafrika Mashariki waishio Amerika Kaskazini, ambazo huwaalika wazazi kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ili babu, bibi na wajukuu wakae pamoja kwa juma zima. Ni mwaliko wa heri. Tatizo ni mpangilio wake: tiketi hununuliwa kwanza, matembezi ya nchi kavu hulipiwa pili, na daktari huulizwa mwisho, pengine siku chache kabla ya kuruka. Wakati huo njia ya meli, bima na ratiba vimekwisha kufungwa, na daktari amebakiwa na kazi ya kuandika barua tu.

Makala haya yanapendekeza mpangilio wa kinyume. Familia imtazame kwanza mmoja wao aliye dhaifu zaidi kiafya, kisha ichague njia, chumba na matembezi yanayomfaa huyo. Wenye nguvu watafurahi popote.

Barafu inayoshuka hadi baharini

Barafuto ni mto wa barafu nzito unaoteremka mlimani polepole. Kwa Mwafrika Mashariki, barafu ya kudumu ni ile ya Kibo, na anayetaka kuigusa lazima apande kwa miguu hadi zaidi ya mita 5,000, mahali ambapo hewa ni nyepesi na moyo hulemewa. Alaska ni tofauti. Katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier Bay, barafuto ya Margerie, yenye urefu wa takriban kilomita 34, hufika kwenye maji ya bahari, na mtu huitazama akiwa ameketi kwenye sitaha. Meli hukaa humo karibu siku nzima, askari wa hifadhi hupanda na kuwaeleza abiria habari za mahali, wala hakuna anayelazimika kushuka. Huelezwa kwamba mnamo 1750 ghuba yote ilikuwa imejaa barafu, na kufikia 1916 barafu hiyo ilikuwa imerudi nyuma takriban kilomita 100.

Kwa hiyo mgonjwa wa moyo aliye imara, mwenye maumivu ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuyaona haya bila kupanda kilima. Kwa wengi wao jibu la daktari laweza kuwa "nenda". Lakini ruhusa hiyo inaambatana na swali la pili.

Akizidiwa, hospitali iko wapi?

Meli kubwa huwa na kliniki yenye daktari na wauguzi. Wanaweza kupima umeme wa moyo, kutoa oksijeni, maji ya mishipani na dawa za dharura. Kwa kawaida hawana chumba cha upasuaji mkubwa, huduma ya kuzibua mishipa ya moyo, wala mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Kazi yao ni kumtuliza mgonjwa mpaka afikishwe kwingine.

Huko kwingine si karibu. Juneau, mji mkuu wa Alaska, una hospitali, lakini hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine. Mtu huingia na kutoka kwa ndege au kwa meli. Ketchikan pia ina hospitali. Skagway ina zahanati tu. Mgonjwa akizidiwa meli ikiwa kati ya visiwa, helikopta ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, wenye kituo cha ndege Sitka, huweza kuitwa. Nayo hutegemea ukungu, mvua na upepo. Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, hivyo hali ya hewa si jambo la kupuuzwa. Anayehitaji bingwa wa moyo au wa ubongo husafirishwa kwa ndege ya wagonjwa hadi Anchorage au Seattle, kwa gharama inayoweza kufikia makumi ya maelfu ya dola.

Kutokana na hayo, bima ya safari inayogharimia uokoaji wa kitabibu si anasa. Isomwe kwa makini: nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla, isipokuwa bima inunuliwe mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza ya safari. Aliyepata shambulio la moyo, kiharusi au upasuaji mkubwa majuma machache yaliyopita aahirishe hadi bingwa wake aridhike. Mjamzito afahamu kwamba kampuni nyingi hazimpokei anayefikisha wiki 24 za ujauzito kabla safari haijaisha, na kwamba mtoto mchanga kwa kawaida hupokelewa akiwa ametimiza angalau miezi sita.

Kuchagua matembezi ya nchi kavu

Matangazo hupanga matembezi kwa mandhari na bei. Familia iyapange kwa maswali manne: Je, kuna mwendo kiasi gani na ngazi ngapi? Baridi itampata mtu kwa muda gani? Choo kiko karibu? Na mmoja akichoka, anaweza kurudi peke yake bila kuwakatiza wengine?

Tuchukue mfano wa babu mwenye kisukari na shinikizo la juu la damu, na mjukuu mwenye selimundu. Juneau, barafuto ya Mendenhall iko umbali wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji. Basi hufika karibu, na kuna njia fupi ya kwenda mahali pa kuitazama pamoja na kituo cha wageni cha kupata joto. Hapo wote wawili wanaweza kwenda. Skagway, reli ya White Pass iliyokamilika mwaka 1900 hupanda hadi takriban mita 870 abiria wakiwa wameketi ndani ya behewa. Kimo hicho hakimtishi mgonjwa wa selimundu aliye imara. Familia ihakikishe tu kwamba behewa lina joto na choo, hasa kwa anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini. Treni huingia Kanada, hivyo hati za kusafiria ziulizwe mapema.

Kutua kwa helikopta juu ya barafu ni jambo jingine. Kuna kikomo cha uzito, uso wa barafu huteleza, na ukungu ukishuka wote hungoja. Mwendo wa kayaki karibu na barafuto nao humweka mtu juu ya maji baridi mno: anayetumbukia hushtuka, hupumua ovyo, na nguvu za mikono humwisha ndani ya dakika. Matembezi hayo waachiwe vijana wenye afya, huku babu na mjukuu wakibaki mahali penye joto.

Baridi na tumbo

Kusini-mashariki mwa Alaska, mchana wa kiangazi huwa kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi, na penye barafuto upepo hushusha zaidi. Baridi hukaza mishipa ya damu, huongeza shinikizo, huamsha maumivu ya kifua na pumu, na kwa mwenye selimundu huweza kuchochea maumivu makali. Nguo zivaliwe tabaka kwa tabaka, na la nje lisipitishe maji. Mtoto mwenye selimundu anywe maji ya kutosha, asiogelee kwenye bwawa la sitahani, na soksi zikilowa zibadilishwe papo hapo. Insulini ikiganda huharibika: isiwekwe kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege, na kwenye matembezi ikae karibu na mwili.

Maji kati ya visiwa huwa matulivu, lakini Ghuba ya Alaska iko wazi kwa mawimbi. Dawa nyingi za kichefuchefu cha bahari huweza kumchanganya mzee akili, kumzuia kukojoa akiwa na tezi dume iliyovimba, na kudhuru wenye aina fulani ya presha ya macho. Ziulizwe kabla. Kuhusu kuharisha, mikono ioshwe kwa maji na sabuni, maana vitakasa mikono vyenye alkoholi haviviui vizuri virusi vya noro, ambavyo huenea upesi melini.

Dawa zifuate saa, zisifuate jua

Mwezi wa Juni, jua la Juneau huchomoza karibu saa kumi alfajiri na kuzama saa nne usiku. Mswahili huhesabu saa kwa jua, na wazee wengi huhesabu dawa kwa sala. Mwenye kuchoma insulini kabla ya chakula cha jioni, akizoea kufanya hivyo wakati wa Magharibi, huko atakula saa kumi na mbili bila sindano, kisha achome saa nne na kulala bila chakula. Sukari itapanda jioni na kuporomoka usiku wa manane, chumbani ambamo wote wamelala. Alaska iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 11 wakati wa kiangazi. Ratiba mpya ya dozi iandikwe na daktari kabla ya safari, na mzee apumzike siku mbili nchi kavu kabla ya kupanda meli.

Homa na barua ya daktari

Alaska haina malaria, na kwa sababu hiyo daktari wa melini huenda asiifikirie. Aliyetoka Tanzania au Kenya majuma machache nyuma anaweza kuugua malaria akiwa mbele ya barafu. Mgonjwa au jamaa yake atamke wazi: "Nimetoka eneo lenye malaria, nipimwe." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha.

Kwa wahudumu wa afya, barua ya mgonjwa iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, yenye magonjwa yake, majina ya kitaalamu ya dawa na dozi, mzio, matokeo ya mwisho ya figo na sukari, nakala ya kipimo cha umeme wa moyo, na simu ya kliniki. Iongezwe mistari miwili: dawa zipi zisitishwe kwa muda akiharisha, na dalili zipi zimpeleke kliniki mara moja. Mgonjwa abebe dawa za siku 14 zaidi, ndani ya vifungashio vyake.

Lipo jambo moja ambalo barua haiwezi kulitibu. Mzee aliyegharimiwa na wanawe huona aibu kusema kifua kinambana, asije akawaharibia safari, na fomu ya afya bandarini huijaza "hapana" kila mahali. Watoto wake ndio wawezao kuiondoa aibu hiyo, kwa kumwambia mapema: "Baba, siku usiyojisikia vizuri, mmoja wetu atabaki nawe, na wala hatutahesabu hasara." Kisha wakubaliane nani atabaki siku ipi. Jina hilo liandikwe kwenye ratiba kabla ya matembezi yoyote kulipiwa.