Kuwalisha Samaki wa Darasani Wakati wa Likizo

Kati ya zana zote za kufundishia Sayansi katika shule ya msingi, tangi la samaki lina sifa moja ambayo chati na picha hazina: ni zana yenye uhai. Chati ikifungiwa kabatini mwezi mzima hukutwa vilevile ilivyoachwa, lakini samaki sivyo. Kwa hiyo mwalimu anayekusudia kuweka tangi la kioo katika pembe ya sayansi hana budi kujiuliza, hata kabla ya kulijaza maji, nani atawatunza viumbe hao shule itakapofungwa. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kulijibu swali hilo, na kumwonyesha jinsi jibu lenyewe linavyoweza kuwa somo.

Samaki aweza kukaa muda gani bila kula?

Wengi hudhani kwamba samaki asipolishwa kila siku atakufa. Dhana hii hutokana na kumlinganisha samaki na kuku au mbuzi. Kuku hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kuupasha mwili joto. Samaki hafanyi hivyo, kwani joto la mwili wake hufuata joto la maji aliyomo. Basi mahitaji yake ni madogo, tena huweza kuishi kwa akiba ya mafuta iliyomo mwilini. Samaki mzima mwenye afya, awe perege au wale wadogo waitwao gapi, aweza kukaa juma moja bila kulishwa asipate madhara. Katika tangi la siku nyingi, ambamo mwani umeota juu ya mawe na vioo, perege hupata hata cha kudonoa.

Vifaranga wa samaki ni tofauti. Hao wanakua, hawana akiba, na huhitaji kula kila siku. Mwalimu mwenye vifaranga tangini asiwaache bila mlishaji hata likizo iwe fupi.

Adui mkubwa ni shibe

Samaki wengi wa darasani hawafi likizoni kwa njaa, bali kwa chakula kingi. Mtu aliyeachiwa kopo la chakula huona huruma, akatia kiganja kizima. Samaki hula kidogo, na kinachobaki hutua chini kikaanza kuoza. Bakteria wanaoozesha chakula hicho hutumia oksijeni iliyomo majini. Papo hapo hutokea amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Katika tangi lililotulia wapo bakteria wengine wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati yenye madhara machache. Lakini kazi yao ina kikomo, na chakula kinachooza kwa wingi huwashinda.

Katika sehemu zenye joto hatari huongezeka. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za Sentigredi huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hupungua hadi miligramu 7.5 hivi. Maji yanapopungukiwa oksijeni, samaki huonekana wakitweta juu ya uso wa maji. Mlishaji asiyejua huiona dalili hiyo kuwa njaa, akaongeza chakula. Hivyo huruma yake huwamaliza samaki upesi zaidi.

Maandalizi kabla ya kufunga shule

Siku mbili kabla ya likizo, ondoa majani yaliyokufa na uchafu wa chini, kisha badili theluthi moja ya maji. Usibadili maji yote, maana badiliko la ghafla huwadhuru samaki. Ikiwa maji ya bomba yametiwa klorini, yaache wazi katika ndoo muda wa siku moja kabla ya kuyatumia. Usiingize samaki wapya katika juma la mwisho. Akiwamo mgonjwa, hakuna atakayemtambua mapema. Hakikisha kwamba jua halipigi tangi moja kwa moja, na ufunike kwa wavu ili hewa ipite na samaki wasiruke nje.

Likizo fupi na likizo ndefu

Likizo ya juma moja haihitaji mlishaji, ikiwa samaki wote ni wazima na wenye afya. Likizo ya mwezi mmoja humhitaji mtu wa kuaminika: mlinzi wa shule, mwalimu anayeishi karibu, au mwanafunzi aliyeruhusiwa na wazazi wake na mwalimu mkuu. Mtu huyo asikabidhiwe kopo, bali vipakiti vya karatasi, kila kimoja kikiwa na mlo mmoja na tarehe yake. Chakula kilichobaki kifungiwe.

Mlo mmoja ni kiasi ambacho samaki hukimaliza kwa dakika mbili au tatu. Dagaa wakavu waliosagwa, wakichanganywa na pumba laini kidogo, hutosha. Samaki wazima walishwe kila siku ya tatu. Mlishaji aongeze maji yaliyopungua na amwondoe mara moja samaki aliyekufa.

Madukani hupatikana vibonge vya chakula vinavyoyeyuka polepole na mashine za kulisha zenyewe. Vibonge vingine huchafua maji, na mashine huweza kukwama au kumwaga kupita kiasi. Anayetaka kuvitumia avijaribu majuma mawili mapema, akiwa yupo.

Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri, lakini visiachwe kwa wingi tangini. Wasioliwa hugeuka mbu, nasi tutakuwa tumefuga malaria darasani.

Tena, mwalimu asiruhusu samaki wa kigeni kumwagwa mtoni au ziwani kwa sababu hakuna wa kuwatunza. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zilitoweka. Ni heri kuwapa shule jirani yenye tangi.

Kuigeuza likizo kuwa somo

Majuma mawili kabla ya kufunga shule, waelekeze wanafunzi wajaze maji katika mitungi miwili ya kioo isiyo na samaki. Katika mmoja watie chakula kidogo cha samaki kila siku. Katika wa pili wasitie kitu. Kabla ya kuanza, kila kikundi kiandike kinatazamia nini. Baada ya siku saba walinganishe rangi na harufu ya maji. Hapo hutahitaji kuwaambia kwamba chakula kingi huharibu maji. Wao ndio watakaokuambia.

Kisha wafanye hesabu: ikiwa likizo ni ya siku 28, na samaki hulishwa kila siku ya tatu, vipakiti vingapi vitahitajika? Jibu ni 9. Wavifunge wenyewe, waandike tarehe, na watunge barua ya maelekezo kwa mlishaji. Kwa kazi moja wamejifunza Sayansi, Hisabati na Kiswahili.

Shule ikifunguliwa, somo la kwanza liwe kuwahesabu samaki, kuyachunguza maji na kusoma kumbukumbu za mlishaji. Ikiwa samaki amekufa, usimtupe kwa siri kabla wanafunzi hawajafika. Chunguzeni pamoja sababu yake: ni maji, joto, chakula au ugonjwa? Mtoto anayekuta tangi tupu bila maelezo hujifunza kwamba viumbe wa shule hawana mwenyewe. Anayeshiriki kuwaandalia likizo yao hujifunza kwamba anayefuga hubeba dhamana, hata siku ambazo hayupo.