Je, Wajua? Ngoma Inayomngoja Nyanya

Je, wajua kwamba Kitui na Makueni, nchini Kenya, kuna ngoma ambayo uzee haumtoi mtu uwanjani, bali humwingiza? Ni kilumi, ngoma ya Wakamba ya kuomba mvua na kutuliza pepo, na tangu jadi wenyewe ni akina mama wazee. Sarakasi za mbeni, ngoma nyingine ya Wakamba, ni za vijana wenye viungo vyepesi. Katika kilumi, nyanya hushika mwase, ngoma ndefu yenye mlio mzito, mmoja akaanzisha wimbo na wenzake wakaitikia. Kwa mkulima wa huko kuomba mvua si jambo dogo: tegemeo lake kuu ni mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Ukimjua nyanya anayepiga kilumi, mrekodi mwaka huu, kwa ridhaa yake.